Mama Mkwe na Bahari ya Sebuleni

Mume wangu alipoingia na ndoo mbili za samaki, mimi nilikuwa nimeshaweka mafuta motoni. Kwetu Likasi, mji wa migodi wa Kongo, mwanaume akirudi kazini amebeba samaki, mke hafikirii mapambo. Nilichungulia ndani ya ndoo ya kwanza. Samaki wawili, rangi ya chungwa, mistari myeupe, hakuna aliyezidi kidole changu cha kati.

"Hii tutakula na bukari gani?" nikamuuliza, huku unga wa ugali ukiningoja. "Hata kapenta iko na nyama kuliko hii."

"Haiko ya kula. Inatoka mu bahari."

"Na chumvi inatoka mu bahari. Tunakulaka."

Akaziweka ndoo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akanieleza. Patron wake, mhandisi wa kigeni aliyefanya naye kazi kiwandani, alikuwa amemaliza mkataba na anarudi kwao. Wengine wakiachwa na patron huachiwa friji, viatu, au mbwa anayebweka kwa lugha nyingine. Mume wangu, fundi umeme, aliachiwa bahari.

Tangi lenyewe lilifika kesho yake juu ya kamioni, wanaume wanne wakilishika kwa blanketi na kutukanana. Ilibidi kabati langu la vyombo vya harusi liondoke sebuleni lihamie chumbani, na huko limekaa hadi leo, mlango mmoja haufunguki kwa sababu ya kitanda. Pamoja na tangi zilikuja mashine ambazo sikuwahi kuziona: moja ya kupasha maji joto, moja ya kuyasukuma, na moja ndefu kama chupa ya thermos ambayo kazi yake ilikuwa kupiga povu. Mume wangu alisema uchafu wa maji unanata kwenye povu, povu linapanda hadi kwenye kikombe juu, na wewe unamwaga kikombe. Nikasema basi hiyo ndiyo mashine pekee ya nyumba hii inayofanya usafi bila kuambiwa.

Mtu aliyeathirika zaidi na ujio wa bahari alikuwa mama mkwe. Alihamia kwetu alipofiwa na mumewe, na kiti chake kilikuwa pale pale, mbele ya kabati. Kwa hiyo aliamka asubuhi akakuta anaangaliana na samaki. Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa la uamsho, wale wa kuomba kwa sauti kubwa. Mimi ni Mkatoliki wa Jumapili. Mume wangu ni Mkatoliki wa Noeli. Nyumba yetu ilikuwa na amani kwa sababu kila mmoja alishakata tamaa kuhusu roho za wenzake.

"Mutoto yangu," akamwambia mwanawe, "juu ya nini unaleta bahari mu nyumba ya bantu?"

"Ni mapambo, Mama."

"Mapambo inakulaka?"

"Inakula."

"Basi ni bageni. Bageni banakuyaka, banaenda. Hii itaenda siku gani?"

Mwanawe akainama kutafuta tundu la umeme.

Mwanzoni mume wangu hakujua kitu. Patron alimfundisha huku akifunga mabegi, na mtu anayefunga mabegi hafundishi, anakumbuka tu alikoweka pasipoti. Alichoshika mume wangu ni kwamba maji lazima yawe na chumvi kiasi fulani, si zaidi, si pungufu, na kwamba maji ya bomba ni sumu. Hilo la bomba halikunishangaza. Maji ya Likasi, ukiyachemsha kwenye birika, yanaacha ukoko mweupe kama chokaa ya machimbo ya Kakontwe imekuja kukusalimia, na baada ya mvua yanatoka na rangi ya chai. Sisi tunayanywa, tunazaa, tunazeeka. Samaki wa bahari hawawezi. Ikabidi wanunuliwe maji yaliyochujwa kwa yule jirani anayeuza maji ya mifuko, madumu kwa madumu, na mume wangu anayachanganya na chumvi maalumu ndani ya pipa la bluu uani, anakoroga na mti wa ufagio wangu.

Alikuwa na kipimo, kitu kama darubini ndogo. Unaweka tone la maji juu ya kioo chake, unafunika, unaelekeza dirishani, unafumba jicho moja, na ndani unaona mstari unaokuambia chumvi imefika wapi. Kila asubuhi kabla ya kazi alisimama dirishani amefumba jicho. Majirani walidhani anachungulia wake zao.

Lakini samaki walianza kunyong'onyea. Walikaa chini, walihema haraka, rangi ikafifia. Mstari kwenye kipimo ulikuwa unapanda kila siku na yeye hakuelewa, kwa sababu alikuwa anafanya kila kitu kwa bidii. Maji yakipungua tangini, anajaza kutoka kwenye pipa lile lile la maji ya chumvi. Siku moja nilikuwa napika mchuzi wa nyama, yeye kasimama mlangoni analalamika, na mchuzi ukakauka kidogo. Nikachukua kikombe cha maji nikaongeza.

"Huongeze chumvi?" akaniuliza, bila sababu, kama mtu anayetafuta cha kusema.

"Chumvi ilishakwa mule. Mayi njo inaenda, chumvi inabakia."

Akaangalia sufuria. Akaangalia mvuke. Halafu akatoka mbio, nikamsikia uani akijitukana kwa Kifaransa. Kumbe kinachopaa tangini ni maji matupu, na yeye kila siku alikuwa anarudishia maji yenye chumvi. Tangu hapo akajaza kwa maji matamu, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, maana patron alimwambia samaki hawapendi mambo ya ghafla. Mstari ukashuka mahali pake. Samaki wakainuka. Nilidai sifa zangu mbele ya mama mkwe, naye akasema hata mchuzi wenyewe ulikuwa na chumvi nyingi.

Ulipofika msimu wa baridi ndipo nilipojua nafasi yangu katika ndoa. Umeme ulikuwa unakatika, mashine ya joto inazimika, na mume wangu alichukua blanketi letu, lile zito la maua, akalifunga kwenye tangi. Pampu aliiunganisha na betri ya gari. Mimi nililala na koti. Nikamwambia, "Siku moja minye nitaota mukia, utanifunika." Akacheka, blanketi hakulirudisha.

Wakati huo maneno mtaani yalishaiva. Ukikaa Katanga lazima umeona picha ya mamba muntu ukutani mwa mtu, yule mwanamke wa majini mwenye nusu ya samaki, anayempa mwanaume utajiri na kudai malipo baadaye. Sasa nyumba yetu ina maji ya bahari sebuleni, taa ya bluu inawaka ndani yake, mwanaume anazungumza na dirisha kila asubuhi, na, kwa bahati mbaya, mwezi ule ule mume wangu alipandishwa cheo akawa mkuu wa zamu. Mtaa haukuhitaji ushahidi zaidi. Mwanamke mmoja wa sokoni aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama ni kweli nimekubali kulala chumba kingine siku za Alhamisi, kumpisha yule wa majini. Nilimwambia ni kweli, na kwamba Ijumaa tunapokezana. Sikujua kama atalisambaza. Alilisambaza.

Mama mkwe aliyasikia kwenye kundi lake la maombi, na yeye hakuona cha kuchekesha. Jumamosi moja mchana, mume wangu akiwa zamu, nilirudi sokoni nikakuta nyumba inanukia limau na viti vimepangwa. Pasta anakuja. Alikuja kweli, kijana mrefu mwenye viatu vilivyochongoka mbele, pamoja na wanamama watatu wa kwaya. Alinisalimia vizuri, "Mama, Bwana asifiwe," nami nikamwitikia vizuri, maana adabu ni adabu, nikaenda kuandaa chai.

Jikoni nikaona ndoo. Ndani ya ndoo kuna kitambaa, na povu, na harufu ile ya limau ya sabuni ya unga. Nikarudi sebuleni nikainama sikioni mwa mama mkwe.

"Mama, akwariamu ulipanguza na nini?"

"Na kitambaa."

"Ndani?"

"Ndani na inje. Pasta atakuya akute uchafu?"

"Mama, iko na sabuni..."

"Nyamaza, banaomba."

Walikuwa wameshaanza. Pasta aliweka mikono miwili juu ya kioo, akafumba macho. Samaki wakamfuata mkono, wakidhani ni chakula. Sauti ikapanda. Alimwamuru kila aliyejificha majini ajitokeze. Akasema, "Toka!" Wanamama wakaitikia, "Toka!" Na mashine ya povu, ambayo kwa kawaida kwa siku nzima hutoa povu la kijiko kimoja tu, ikaanza kukoroma.

Povu lilijaa kikombe. Likainua kifuniko, likakiangusha. Likatoka jeupe, zito, likateremka kwenye kioo, likafika sakafuni, likaanza safari ya kuelekea viatu vya Pasta.

"Inatoka!" akapiga kelele mmoja wa kwaya, na akapanda juu ya sofa yangu na viatu. Mwenzake akapanda naye. Wa tatu alibaki chini, nadhani kwa sababu sofa ilijaa. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, povu limemzunguka mpaka kwenye kitenge, machozi yanamtoka, anasema asante, asante. Mimi nimeshika sinia la vikombe na vinagongana, kwa sababu nacheka na sitaki kuonekana nacheka.

Namheshimu Pasta kwa jambo moja: hakukimbia. Alifungua jicho moja, akaona kinachomjia, akalifumba tena, akaendelea kuamuru. Mtu anayeamini hata pale anapoogopa, huyo mimi simcheki sana.

Mume wangu akaingia katikati ya hayo, na kofia ya kiwandani kichwani. Hakuuliza kitu. Alirukia waya, akazima mashine, akachovya kidole kwenye povu, akanusa.

"Sabuni," akasema. "Nani aliweka sabuni?"

Waliokuwa juu ya sofa wakaanza kushuka.

"Shetani," akasema mama mkwe kutoka sakafuni, "anaweza kutumia hata sabuni."

Hakukuwa na muda wa kubishana. Samaki walikuwa wanahema juu juu. Ilibidi maji yapunguzwe na yawekwe mengine kutoka pipani, haraka. Mume wangu alikuwa peke yake na ndoo mbili. Pasta akavua vile viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akachukua ndoo. Walipishana kati ya sebule na uani, mmoja anaingia mwingine anatoka, mpaka shati la Pasta likaloa chumvi. Njiani nilimsikia akiuliza, "Na hii ya kipimo inasoma namna gani?" na mume wangu anamweleza, na Pasta amefumba jicho dirishani. Mtaa mzima ulimwona.

Samaki walipona. Krevete naye alipona, na hapa lazima nimtaje. Ndoo ya pili ilikuja na krevete mmoja, kwa Kiswahili cha vitabuni wanamwita kamba, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni na ndevu ndefu kama za mzee wa baraza. Kazi yake ilikuwa kuwasafisha samaki. Walimjia, wakafungua mdomo, akaingiza mikono akawachokonoa meno.

Baada ya siku ile mama mkwe alibadilika. Kwa hesabu yake jambo lilikuwa rahisi: kulikuwa na pepo, pepo limetoka kwa namna ya povu, mashahidi wapo, sasa waliobaki tangini ni samaki waliokombolewa. Tena walikuwa wameombewa kuliko mimi. Akavuta kiti chake karibu. Akaanza kuwasalimia asubuhi. Krevete ndiye alimpenda zaidi.

"Angaria huyu," aliniambia. "Hapana kulala, hapana kusema bantu. Iko tu na kazi. Mu hii nyumba hakuna mungine sawa yeye."

"Na minye, Mama?"

"Weye unasema sana."

Mtu akipenda anataka kutoa zawadi. Mama mkwe alikuwa na jiwe la malakiti, lile la kijani lenye mistari kama miduara ya mti, kubwa kama ngumi mbili. Baba mkwe alilitoa mgodini Kambove enzi zake za kuchimba. Halikuwahi kuuzwa, hata miaka ya njaa. Lilikaa karibu na kitanda chake, kando ya picha ya marehemu. Siku moja nikaliona ndani ya tangi, katikati, taa ya bluu inalipiga, na kwa kweli lilipendeza. Mume wangu alikuwa anafanya zamu mbili wiki zile. Aliwapa samaki chakula, akapima chumvi, akaona mstari uko sawa, akaenda kulala. Labda aliliona akadhani ni moja ya mawe yaliyokuja na tangi. Wanaume hawaoni hata pazia jipya.

Walioanza kufa ni konokono wadogo waliokuja na krevete, wale wa kulamba uchafu wa kioo. Walidondoka kwenye kioo mmoja mmoja, wakalala chali. Kisha krevete akaacha kazi. Samaki walimjia na midomo wazi, yeye amesimama tu, miguu inatetemeka. Asubuhi moja mama mkwe aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo. Krevete alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe la kijani, ndevu zake zinapepea na maji, na ukimwangalia haraka unasema bado mzima.

Mume wangu alipima kila kitu. Chumvi sawa. Joto sawa. Alirudia mara nyingi, akabadili maji, hasira zimempanda, maana samaki wenyewe walikuwa wazima na hakuelewa ni sumu gani inayochagua. Mwishowe akatoa chupa ndogo za patron ambazo hakuwahi kuzifungua, za kupimia shaba. Alidondosha matone kwenye maji ya tangi, na maji yakageuka rangi. Akainua kichwa. Safari hii akaliona jiwe.

"Hii ilitoka wapi?"

Mimi nikaangalia dirishani. Mama mkwe alijibu mwenyewe.

"Ya baba yako. Nilibapa zawadi."

Malakiti ni shaba. Kila mtoto wa Likasi anajua, mji wote umekaa juu yake na unakula kwayo. Mume wangu alijua vilevile, na sasa akakumbuka, kwa kuwa patron alimwambia hilo hata katikati ya kufunga mabegi, kwamba samaki wanaweza kuvumilia shaba kidogo, lakini krevete na konokono haiwaachi. Alisimama na kile kichupa mkononi. Huyu ni mtu anayemfokea msimamizi wake kazini, lakini mbele ya mama yake alikuwa anazungusha tu kifuniko cha kichupa.

"Mama," akasema, "jiwe iko muzuri. Ila mayi... mayi ya chumvi inaikulaka kidogo kidogo. Inatoka mule, inaingia mu mayi. Krevete, yeye, haweze."

Mama mkwe akaelewa kabla hajamaliza. Alikaa. Baba mkwe, niseme tu, aliondoka duniani akikohoa. Miaka ya vumbi, kifua kikawa kama gunia. Hatulizungumzii mezani.

"Shaba ilimumaliza yeye," akasema mama mkwe. "Sasa iko namaliza na bantu yangu."

Halafu midomo yake ikaanza kucheza, nikajua analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka. "Huyu mwanaume!" akasema. "Hata amekufwa, iko naharibu mu nyumba! Miaka yote nilimuambia, usilete mawe yako mu salon!" Akacheka mpaka akashika mbavu, mume wangu naye akaanza, na mimi nikashindwa. Baadaye alilia pia, lakini hiyo ilikuwa chumbani kwake, na mlango ulifungwa.

Jiwe lilirudi kando ya picha, limefutwa vizuri. Mume wangu alitupa mawe mengine yote ya tangini, maana shaba inajificha ndani yake, akaweka vifuko vya mkaa maalumu wa kuchuja, akabadili maji wiki hadi wiki mpaka matone ya kichupa yakaacha kubadili rangi ya maji. Kazi ya kupima chumvi mama mkwe aliichukua. Macho yake si mazuri, basi anamwita yeyote anayepita asome mstari, halafu anambishia. Pasta akija kumtembelea, kabla ya sala, anasomeshwa mstari. Yeye ndiye pekee ambaye habishiwi.

Mama mkwe alimkataa krevete mwingine kwa miezi. Alisema amezika wa kutosha. Lakini dereva mmoja rafiki wa mume wangu alikuwa anapanda na kushuka njia ya Lusaka, na siku moja akafika mlangoni na mfuko wa plastiki umefura hewa, ndani yake kitu chekundu kimejikunyata. Hakuna aliyemwomba mama mkwe ruhusa. Mume wangu alitundika mfuko, akaunganisha mpira mwembamba, maji ya tangi yakawa yanadondoka ndani tone kwa tone ili mgeni azoee chumvi yetu bila kushtuka. Mama mkwe alisema hamwangalii. Akavuta kiti, akakaa mchana kutwa anahesabu matone na kumgombeza mwanawe kwamba yanaenda mbio.

Alipoachiwa, krevete alizama moja kwa moja nyuma ya jiwe jipya na hakutoka.

"Anafanya nini?" akauliza mama mkwe.

"Anaogopa, Mama. Ni mugeni."

"Sawa. Tutamungojea."

Hakutaka kuhamia mezani. Ikabidi nilete bukari na sombe ya majani ya muhogo pale sebuleni, tukakaa wote watatu na sahani mapajani, tunakula, tunaangalia jiwe.